Feni inavuma, kompyuta haina kazi: uchambuzi wa kisa cha steshenari moja

Lalamiko lilikuwa hili: laptopu ya steshenari moja mjini Morogoro inapata moto na feni yake inavuma kwa nguvu wakati hakuna mtu anayeigusa. Mteja akija, dada mwenye duka akashika mausi na kufungua Word, feni inatulia baada ya muda mfupi na mashine inaendelea na kazi, ingawa si kwa wepesi wa zamani. Akigeuka kwenda kutoa kopi, dakika chache baadaye uvumaji unarudi. Yaani mashine inachoka ikiachwa, na inapoa ikifanyishwa kazi.

Dada alikuwa ameshafanya uchunguzi wake. Alifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazofanya kazi, akaingia Details, akapanga orodha kwa safu ya CPU, yaani prosesa, na juu kabisa akakuta System Idle Process ikiwa na 96. Akaipiga picha kwa simu. "Fundi, mwizi wangu ni huyu hapa," alisema. "Kila nikimbonyezea End task, inanikatalia." Jirani yake wa duka la simu alikuwa amemshauri apige Windows upya yaishe.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mashine hiyo moja ilibeba kwa pamoja hofu isiyo na msingi, uchovu wenye sababu halali na uvamizi wa kweli, na kwa nje vyote vilionekana kama ugonjwa mmoja. Ukitibu kimoja ukadhani umemaliza, utarudishiwa mashine wiki inayofuata.

Mashine yenyewe ni ya mtumba iliyotoka ofisini: prosesa ya Intel Core i5-6300U, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10 Pro. Prosesa hiyo ina kori mbili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu, na kila kori inabeba nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Windows inaihesabu kama prosesa nne. Msomaji aishike hiyo nne, maana ndiyo iliyokuja kufungua fumbo.

Ile 96 inasema nini

System Idle Process haikusakinishwa na mtu na haina faili lake la programu (exe) kwenye diski. Namba yake ya utambulisho, yaani PID, siku zote ni 0. Mwenzake anayeitwa System ni 4. Ndani yake kuna uzi mmoja kwa kila prosesa ambayo Windows inaihesabu. Sababu ya kuwepo kwake ni kwamba mgawaji wa zamu ndani ya Windows lazima kila mara awe na kitu cha kuipa prosesa. Pasipokuwa na programu yenye kazi, anaipa uzi huu, nao unaiambia prosesa isimame na kuingia kwenye usingizi, mwepesi au mzito, mpaka kitu kiiamshe: herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi, taarifa iliyofika kutoka mtandaoni, au saa ya ndani ya mashine.

Kwa hiyo 96 ni asilimia ya muda ambao prosesa ilikuwa haina la kufanya. Konda akikwambia viti 28 kati ya 30 vya daladala ni vitupu, huwezi kumtafuta abiria anayeitwa Tupu umshushe. Ndiyo sababu End task inakataa. Na ndiyo sababu mashine yenye afya, isiyo na kazi, inatakiwa ionyeshe namba kubwa hapo, 95 na kuendelea. Wa kuhofiwa ni ile mashine iliyoachwa peke yake ambayo namba hiyo imeshuka.

Kwenye Performance Monitor, kifaa kingine cha vipimo ndani ya Windows, hali inatisha zaidi, kwa kuwa kaunta yake huhesabu kila prosesa kuwa 100 peke yake. Mashine kama hii ikitulia kabisa, Idle inasoma karibu na 400. Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, huonyesha jambo lilelile kupitia amri ya top kwa herufi mbili tu, id, kwenye mstari wa juu, mbali na orodha ya programu, na sijawahi kuona mtu aliyeiogopa. Naamini Microsoft waliwatia watu wengi wasiwasi kwa miaka mingi kwa kuuweka muda wa mapumziko kwenye orodha moja na programu halisi. Nao usingizi wenyewe wa prosesa haukuwepo tangu mwanzo: Windows 95 haikuwa ikiisimamisha prosesa isiyo na kazi, ikawa inazunguka bure na kutoa joto, hata watu wakatengeneza viprogramu vidogo kama Rain na Waterfall vya kuilaza.

Hata hivyo picha ya dada haikuwa bure. Ilithibitisha kwamba wakati anaipiga, mashine ilikuwa imetulia. Lakini feni alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Basi ama joto lilitoka kwenye kitu kingine kisicho prosesa, ama kulikuwa na kazi inayokoma pale mtu anapokuja kutazama. La kwanza nililifunga haraka: nilifungua mashine, nikatoa vumbi lililoziba mapezi ya kupozea, nikabadilisha gundi ya joto iliyokuwa imekauka. Joto lilishuka, uvumaji ukaendelea.

Kazi halali zinazosubiri uondoke

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu tabia ya kukoma mtu akigusa mausi inasikika kama ujanja wa mwizi, kumbe Windows yenyewe imefundishwa adabu hiyo. Ina kitu kinaitwa Automatic Maintenance, kilichopangwa kianze saa nane usiku: kupanga diski, kukagua virusi, kuandaa masasisho, kufuta takataka. Mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi zinasubiri nafasi nyingine, na nafasi hiyo ni pale mwenye mashine anapoonekana hayupo. Akirudi, zinasimama kumpisha.

Sasa angalia maisha ya steshenari. Jioni mashine inazimwa mpaka kwenye soketi, kwa kuogopa umeme wa LUKU na kwa kuogopa moto. Intaneti ni ya simu, inawashwa mteja anapotaka kujaza fomu ya mkopo wa chuo au kuomba namba ya mlipakodi, kisha inazimwa kulinda bando. Saa nane usiku haijawahi kuikuta mashine hiyo iko macho. Masasisho yanashuka kidogo, yanakatika, yanaanza kupangwa upya kesho yake. Kazi ya miezi ilikuwa inalundikana, na kila dada akienda kwenye mashine ya kopi, Windows inajaribu kuifanya yote ndani ya dakika kumi juu ya diski ya kuzunguka.

Majina niliyoyakuta yakifanya kazi wakati huo yote ni ya kawaida, na yote huulizwa na watu kwa hofu. TiWorker.exe ni mtumishi wa Windows Update anayeandaa na kusakinisha masasisho. Hula prosesa na diski kwa pamoja na mara nyingi ndiye mzito kuliko wote. MsMpEng.exe ni Microsoft Defender yenyewe, antivairasi inayokuja na Windows. Ukaguzi wake wa ratiba umewekewa lengo la kutumia wastani wa hadi asilimia 50 ya prosesa, kwa hiyo usishtuke ukiikuta hapo. SearchIndexer.exe hutengeneza orodha ya mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. CompatTelRunner.exe hukusanya taarifa za mashine kwa ajili ya Microsoft. Binafsi siipendi, lakini si virusi. mscorsvw.exe huonekana baada ya sasisho la .NET, jukwaa la Microsoft ambalo programu nyingi hulitegemea, na kazi yake ni kuzitafsiri upya sehemu za programu ili baadaye zifunguke upesi. Hukaa na uzi mmoja, hufanya kazi, huondoka.

Hilo la kuondoka ndilo la maana. Kazi halali ina mwisho. Dawa yake ni kuipa muda imalize, na si kuikata kila ikianza. Nilikaa na mashine karakana, nikaiunganisha kwenye intaneti isiyohesabiwa kwa bando, nikaiwekea isilale, nikaiacha usiku. Masasisho yaliingia, ikajizima na kujiwasha, yakaingia mengine. TiWorker ikapotea kwenye orodha. Defender ikamaliza ukaguzi wake mzima na kusema haikuona kitu. Uvumaji ukapungua sana.

Ukapungua, haukuisha. Na hapo ningeweza kumrudishia dada mashine yake kwa roho safi, kwani Task Manager ilionyesha prosesa iko asilimia 2 na antivairasi imeridhika. Kilichonizuia ni mita ndogo ya wati, ile inayochomekwa ukutani kabla ya chaja. Betri ikiwa imejaa, skrini ikiwa kwenye mwanga uleule, mita ilikuwa inaonyesha matumizi ya chini kila Task Manager ilipokuwa wazi. Niliifunga, nikaacha mashine bila kuigusa, na baada ya dakika chache mita ikapanda zaidi ya mara mbili na kubaki huko. Nikafungua tena Task Manager, ikashuka. Task Manager hufanya prosesa ipande kidogo inapofunguka. Haina sababu ya kuishusha. Programu inaweza kudanganya programu nyingine, lakini umeme unaopita kwenye waya haudanganyi.

Kuchungulia bila kuonekana

Zipo programu ovu zinazotazama orodha ya michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, kila sekunde chache. Zikiona Taskmgr.exe, ambayo ndiyo Task Manager, au kifaa kama hicho kiitwacho Process Explorer, zinajizima; kifaa cha uchunguzi kikifungwa, zinarudi. Dawa ni kuchungulia kwa kitu zisichokijali. PowerShell, dirisha la kuandikia amri, ipo kwenye kila Windows 10 na inatosha. Niliifungua kwa mamlaka ya msimamizi, nikaiandikia mzunguko wa kurudia amri hii kila dakika na kuandika matokeo kwenye faili pamoja na saa:

Get-Process | Sort-Object CPU -Descending | Select-Object -First 15 Id, ProcessName, CPU, Path

Safu ya CPU hapo haionyeshi asilimia. Inaonyesha jumla ya sekunde za prosesa ambazo mchakato umetumia tangu uanze. Ni kipimo kizuri kuliko asilimia, kwa kuwa unachofanya ni kutoa tu: sekunde za sasa kasoro za dakika iliyopita. Mchakato uliotulia hauongezeki hata sekunde moja. Nikaondoka, nikaiacha.

Faili la kumbukumbu lilisema kila kitu. Muda mfupi baada ya mausi kuachwa, mchakato mpya uitwao svchost ulizaliwa, na kuanzia hapo kila dakika uliongeza takriban sekunde 60. Haukuongeza 40 wala 75, bali 60 au karibu na hapo, dakika baada ya dakika. Maana yake mchakato huo umeushika uzi mmoja wa prosesa na hauuachii. Kwenye mashine inayohesabiwa kuwa na prosesa nne, hiyo ni asilimia 25 kamili. Ndiyo ile nne niliyosema ishikwe. Ukiona asilimia isiyotikisika ambayo ni sawa na 100 ukigawa kwa idadi ya nyuzi zako, yaani 25 kwenye nne, 12.5 kwenye nane, jua kuna uzi mmoja ambao haupumziki hata kidogo. Wakati mwingine ni programu njema iliyokwama kwenye mzunguko usioisha. Dereva mbovu wa printa anaweza kufanya hivyo. Kazi za kawaida hupanda na kushuka. Namba iliyonyooka kama mstari inaomba maelezo.

Watu pia huidharau 25 wakisema ni ndogo. Uzi mmoja unaofanya kazi mfululizo huifanya kori yake ipande hadi kasi yake ya juu na kubaki huko, na kwenye laptopu nyembamba yenye prosesa iliyoundwa kwa wati 15, hilo linatosha kuamsha feni.

Jina si ushahidi

Kwa nini svchost? Kwa sababu ndilo jina bora la kujifichia. Windows huendesha huduma zake nyingi ndani ya svchost.exe, na tangu toleo la 1703 la mwaka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 hupewa svchost tofauti karibu kwa kila huduma. Ni jambo la kawaida kuona nyingi sana kwenye orodha. Mmoja wa ziada haonekani, na anayemjua svchost kuwa ni wa Windows atampita bila kugeuka.

Ila svchost halali ana nasaba inayokaguliwa. Faili lake liko C:\Windows\System32, au SysWOW64 kwa yule wa biti 32, na si kwingine. Mzazi wake ni services.exe. Amri iliyomwanzisha ina herufi -k ikifuatiwa na jina la kundi la huduma. Faili lina saini ya kidijitali ya Microsoft, na ni dogo, chini ya KB 100. Huyu wetu safu ya Path ilionyesha yuko ndani ya AppData\Roaming ya mtumiaji, folda iliyofichwa ambamo programu huweka mambo yake, kwenye folda iliyopewa jina la kufanana na sehemu ya Windows. Hakuwa na saini. Alikuwa na ukubwa wa MB kadhaa. Amri yake haikuwa na -k. Ilikuwa na anwani ya seva ya nje na mfuatano mrefu wa herufi na namba, ambao ni anwani ya pochi ya sarafu ya kidijitali.

RAM aliyoshika ilikuwa zaidi kidogo ya GB 2, na hiyo nayo ni alama ya kidole. Monero, sarafu iliyoanza mwaka 2014, ilibadilisha tarehe 30 Novemba 2019 njia yake ya uchimbaji, yaani hesabu nzito ambazo kompyuta huzifanya na mwenyewe hulipwa sarafu, na kutumia RandomX, iliyobuniwa makusudi ili prosesa za kawaida ziweze kuchimba bila kuzidiwa na mitambo maalumu. RandomX ikiendeshwa kwa kasi yake kamili hutandaza kwenye RAM jedwali la zaidi ya GB 2, na kila uzi hutaka MB 2 za kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Prosesa hii ina kashe ya MB 3. Ndiyo maana mchimbaji alichukua uzi mmoja tu. Wa pili angemkwamisha wa kwanza. Hapo pia ukapatikana ufafanuzi wa kukosa ule wepesi wa zamani hata mwizi akiwa amejizima: kila akiingia anafukuza kwenye RAM mafaili ambayo Windows ilikuwa imeyaweka karibu, na dada akirudi, Word inasomwa upya kutoka kwenye diski ya kuzunguka.

Uchimbaji wa aina hii hautumii data nyingi, kwa hiyo bando halikumshtaki. Niliposoma alama ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaolitambulisha, kwa Get-FileHash na kuitafuta VirusTotal, tovuti inayokusanya majibu ya antivairasi nyingi, antivairasi nyingi zilikwishaitambua kuwa ni XMRig, programu huria ya kuchimbia ambayo kwa yenyewe si haramu, iliyofungashwa upya kwa ajili ya wizi. Napendekeza njia hiyo ya kutafuta kwa alama badala ya kupakia faili lenyewe, hasa kwenye mashine yenye nyaraka za watu: usije ukapakia kitu kisicho chako.

Mlango aliopitia

Defender ilikuwa hai, imesasishwa, na imekagua mashine nzima. Ilikuwaje isimwone mtu ambaye wenzake wote wanamjua? Jibu lilikuwa kwenye amri moja:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess

Folda ya AppData\Roaming yote ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya mahali ambapo Defender imeamriwa isiangalie. Mlinzi alikuwepo, lakini alikuwa ameambiwa chumba kile asikiingie. Kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kazi zinazojianzisha, kulikuwa na kazi yenye jina la heshima, inayoanza mtumiaji akiingia, inayoendesha kiprogramu kidogo cha kumlinda mchimbaji: ndicho kilichokuwa kikiiuliza Windows ni muda gani umepita tangu kibodi au mausi iguswe, na kikitazama kama Task Manager ipo.

Tarehe ya kuumbwa kwa folda ile ilipishana kwa dakika chache tu na tarehe ya faili jingine lililobaki kwenye Downloads: kiamshi cha Office, kile cha kuifanya Office ikubali bila leseni. Dada alikumbuka vizuri. Mtu aliyemwekea Office alikuja na flashi, akamwambia antivairasi lazima izimwe kwanza la sivyo "haitakubali". Hiyo ndiyo sentensi ninayotaka kila mwenye steshenari aitambue. Programu inayodai umwondoe mlinzi kabla haijaingia imeshakueleza nia yake. Njia hii imeshatumika kwa ukubwa duniani: mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza programu ovu iliyoipa jina Crackonosh, iliyofichwa ndani ya michezo ya kompyuta iliyokrakiwa. Ilikuwa inaizima Defender na kuchimba Monero kwa XMRig, na Avast walihesabu zaidi ya mashine 222,000 zilizoathirika na mapato ya zaidi ya dola milioni 2.

Simlaumu dada. Leseni ya Office ni fedha nyingi kwa duka linalochapa kurasa kwa mia chache. Lakini alichodhani amekipata bure alikuwa anakilipia kila siku kwa joto, kwa muda wa wateja, na kwa jambo zito zaidi ambalo sasa nalitaja.

Kilichokuwa hatarini

Umeme ulioliwa ni mdogo. Wati kumi na kitu kwa saa za kufungua duka hazimfilisi mtu. Lakini mchimbaji ni yule tu aliyepiga kelele. Aliyeweza kuweka faili, kuandika kazi kwenye ratiba na kumfunga macho Defender alikuwa na mamlaka ya msimamizi. Angeweza pia kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na vifurushi vya aina hii mara nyingi hubeba programu ya kufanya hivyo hivyo. Kwenye steshenari, mashine moja ina vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, namba za NIDA, akaunti za waombaji wa mikopo, barua pepe za wanafunzi waliosahau kutoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata bila sheria, mtu aliyekukabidhi cheti chake akuchapie amekuamini.

Kwa hiyo nilikataa kufuta faili moja na kusema tumemaliza. Mtu asiyejulikana akishakuwa msimamizi wa mashine, huwezi tena kuiuliza mashine hiyo kama imebaki salama na kuamini jibu lake. Ushauri wa jirani wa kupiga Windows upya ukawa ndio uamuzi wetu, ila kwa sharti moja kubwa. Angepiga Windows siku ya kwanza, kwa flashi ileile na kiamshi kilekile, mchimbaji angerudi jioni hiyohiyo, na dada angeamini kuwa laptopu yake ni mbovu.

Tulifanya hivi. Mashine ilikatwa mtandaoni. Nyaraka zilinakiliwa kwenda kwenye diski ya nje: za Word, PDF na picha pekee, hakuna exe hata moja, na zikakaguliwa kwenye mashine nyingine. Nywila zote zilizowahi kuandikwa kwenye laptopu ile zilibadilishwa kwa kutumia simu, kuanzia barua pepe ya duka, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote. Windows ilisakinishwa upya kwa faili lililopakuliwa Microsoft kwenyewe kupitia Media Creation Tool, diski ikiwa imefutwa vipande vyake vyote. Laptopu nyingi za ofisini za rika hili zina leseni ya Windows iliyoandikwa ndani ya ubao wake, na hii ilikuwa nayo. Iliamka yenyewe ilipofika mtandaoni, bila kiamshi cha mtu. Badala ya Office tuliweka LibreOffice, ambayo ni bure kihalali. Mafaili ya wateja yenye mpangilio mgumu huhama kidogo yakifunguliwa humo, na dada ameanza kuwaomba walete PDF kwa ajili ya kuchapa. Aliunda akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, na ile ya msimamizi ikabaki na nywila yake peke yake.

Kwa kazi halali za Windows, tulikubaliana usiku mmoja kwa wiki mashine ibaki imewashwa na imeunganishwa, na siku nyingine intaneti ya simu iwekwe alama ya kuhesabiwa data ili masasisho makubwa yasianze katikati ya fomu ya mtu. Wateja ambao majina ya akaunti zao yalikuwa yamebaki kwenye kivinjari cha zamani alipigia simu mmoja mmoja kuwaambia wabadilishe nywila. Haikuwa kazi ya kupendeza, na namheshimu kwa kuifanya.

Baada ya mashine kutulia nilipima tena kwa njia ileile, kuanzia mita ya ukutani hadi faili la kumbukumbu, bila Task Manager. Michakato mingi haikuongeza hata sekunde kwa dakika. Jumla ya matumizi ikiwa imeachwa ilikuwa kati ya asilimia 1 na 3. Niliichapisha orodha hiyo ya michakato ya mashine safi na kumwachia, ili siku akiona jina jipya awe na la kulinganisha nalo.

Limebaki suala la Windows 10 yenyewe. Msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watumiaji wa kawaida unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Prosesa za kizazi cha sita hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Dada amejiandikisha kwenye mpango huo wa nyongeza, na katika kipindi hicho tunajaribu kwenye diski nyingine kama printa na skana yake zinaitika kwenye Linux Mint. Printa imeshakubali. Skana bado inatoa picha yenye mistari, na dereva wake ndiye ninayemshughulikia kwa sasa.